Inapofika Elfu Sita

Injini ilizimwa saa saba kasorobo mchana, na kile kilio kikaendelea peke yake kwa muda wa pumzi tatu.

Nazih alibaki ameshika usukani, mguu bado uko juu ya kanyagio. Alikuwa na miaka thelathini na moja ya ufundi, na milio ya injini aliijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Mkanda una mlio wake, beringi ina mlio wake, hewa inayovuja hupiga mluzi. Lakini chuma kikizimwa hunyamaza. Hakuna fundi, awe wa Tripoli ya Lebanon walikotoka wazee wake au wa hapa Greenacre, magharibi ya Sydney, aliyewahi kusikia vingine.

"Umesikia?" aliuliza.

Faruq, kaka wa mkewe, alikuwa amesimama mbele ya kompyuta ya mashine ya rola, ile ambayo gari huwekwa juu yake likakimbia bila kwenda popote huku nguvu zake zikipimwa. Faruq alikuwa mtu wa mzaha hata msibani.

"Nimesikia tumbo langu, shemeji. Tangu asubuhi hujanipa hata zeituni moja." Lakini hakugeuka.

Kwenye kioo mstari wa nguvu ulipanda vizuri, elfu tatu, elfu nne, elfu tano, na ulipofika mizunguko elfu sita kwa dakika ukaporomoka. Ndivyo ulivyokuwa Jumapili iliyopita, na Jumapili zote za kabla yake.

Gari halikuwa la mteja. Injini ile ilikuwa ya Wael, mtoto wao wa pekee, aliyekufa miezi minane nyuma kwenye barabara ya kwenda Bathurst, akiwa anaenda harusini kwa rafiki yake. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa akilipita lori la kondoo, na lori jingine la magogo likaja mbele yake. Dereva wa kondoo, mzungu mmoja wa shamba, alikuja hadi nyumbani siku ya tatu ya msiba, kofia mkononi, kahawa chungu akainywa yote bila kujua kwamba mtu anaruhusiwa kubakiza. Akamwambia Nazih, "Nafasi ilimtosha, mzee, tena ikabaki. Gari lilikuwa linakwenda vizuri. Halafu likashikwa. Kama mtu amelivuta shati kwa nyuma."

Na gari lile alilitengeneza nani? Nazih, kwa mikono yake miwili.

Kwa hiyo aliitoa injini pamoja na kila kilichofungwa juu yake, tabo ya kusukuma hewa, mabomba ya hewa, rejeta zote mbili, ya maji na ya kupozea hewa, kwa kuwa lori lilipiga ubavu na pua ya gari haikuguswa. Akavihamishia vyote kwenye bodi nyingine ya aina ile ile. Watu wakasema Abu Wael, baba yake Wael, amechanganyikiwa, anamfufua mtoto kwa spana. Waseme wao. Yeye alitaka jibu moja tu: gari lilishikwa na nini? Kama kosa lilikuwa la mikono yake alijue, na kama halikuwa lake, basi apate hata usiku mmoja wa usingizi.

Alikwisha badilisha plagi na koili. Pampu ya mafuta akaipima, nozeli akazisafisha, springi za valvu akazibana moja moja, taimingi akaihesabu mara tatu, egzosi akaikata na kuiacha wazi hadi jirani akaja kugombana. Mabomba ya hewa akayajaza moshi kutafuta kama yanavuja, hayavuji. Na kila mara, ikifika elfu sita, injini ilikosa pumzi, kisha sauti ile ikaanza ndani yake, nyembamba, ya mwanamke anayelia na kitambaa mdomoni.

Jumapili iliyofuata Faruq aliondoka kwenda kuswali adhuhuri, na Nazih akabaki peke yake.

Lilikuwa jua kali la Januari, mlango wa bati umefunguliwa wazi, mtaa mzima wa karakana umelala kwa sababu ya wikendi. Harufu ilitangulia. Haikuwa mafuta wala mpira. Ilikuwa ya maziwa yaliyomwagikia jiko. Akafikiri ni chakula cha watu wa nyuma, akawasha injini, akatia gia ya nne, akakanyaga.

Elfu tatu, elfu nne, na rola zikanguruma chini yake, elfu tano, na vyombo ukutani vikaanza kugongana, na harufu ikazidi hadi ikamkaa kooni, na ilipokaribia elfu sita akaona kwenye kioo cha pembeni kwamba mvuke unatoka kwenye tundu la maji machafu katikati ya sakafu, tundu ambalo halikumwagiwa kitu tangu jana, na ndani ya mvuke ule, mgongo wake umemwelekea, amechutama mwanamke mwenye nywele zilizolowa, anajiyumbisha mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama anayembembeleza mtoto ambaye hataki kulala, na injini ikaanza kulia kwa sauti ya yule mwanamke, au mwanamke akaanza kulia kwa sauti ya injini, Nazih hakuweza kutenganisha, na mguu wake ukakataa kutoka kwenye kanyagio mpaka mwanamke alipoacha kujiyumbisha na kuanza kugeuza shingo.

Alizima. Kilio kikaendelea, safari hii pumzi saba.

"Abu Wael."

Alikuwa Suad, mkewe, amesimama mlangoni na sufuria ya mjadara, wali wa dengu, imefungwa kwenye taulo. Kwao mtu huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na mwana akifa jina halifi naye. Kila aliyemwita Nazih alimchoma mahali palepale, naye aliitika.

Suad aliiweka sufuria chini, akasikiliza mpaka kilio kikaisha.

"Muda gani?" akanong'ona.

"Muda gani nini?"

"Usinifiche, Nazih. Huyo ni mama. Mama aliyefiwa namjua hata akilia chini ya ardhi." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Suad alikuwa na miezi minane darasani. "Tundu hilo umelimwagia nini?"

"Sijamwaga kitu."

"Maji ya moto?"

Nazih akalitazama tundu. Wazee wao walifundishwa, nao wakafunzwa hivyo hivyo: humwagi maji ya moto kwenye tundu bila kutaja jina la Mungu na kuomba radhi kwa wenyewe, maana huko chini kuna watu wa kijini, wana nyumba zao, wana watoto wanaotambaa. Faruq alizoea kumcheka kwa hilo. "Shemeji anabisha hodi chooni," alisema mbele ya wateja. Miaka yote Nazih hakuwahi kuacha. Isipokuwa siku moja.

"Asubuhi ile," alisema polepole. "Aliyoondoka. Bomba la chini la rejeta lilikuwa linavuja, na yeye ananiharakisha, 'Baba, nachelewa, baba, bwana harusi ataoa peke yake.' Injini ilikuwa imetoka barabarani, maji yanachemka. Nikayaachia hapo hapo."

"Hukutaja?"

"Sikutaja."

Suad alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Nazih, Mungu amsamehe, alihisi kitu ndani ya kifua chake kinalegea, kitu kilichokaza tangu siku ya mazishi. Kama ni hivyo, basi mtu alilishika lile gari kweli. Basi si mikono yake.

Hajja Badriya aliletwa siku ya Jumanne baada ya alasiri. Alikuwa bibi wa miaka themanini, mfupi, viatu vya hospitali miguuni, na nusu ya watoto wa Greenacre alikwisha waondolea husuda kwa kuwayeyushia risasi juu ya vichwa vyao. Aliingia karakana akakunja pua.

"Maziwa," alisema. "Jamani, ananyonyesha huyu. Nipeni jiko, beseni la maji na risasi. Mimi nimesahau yangu."

"Hajja, sisi ni mafundi, hatuna bunduki," Faruq alisema, akijaribu kucheka.

"Risasi ya kuyeyusha, punguani wewe! Unabalansia matairi kwa nini, kwa jibini?"

Faruq akamletea kopo la vipande vya zamani, vile vinavyobanwa kwenye ringi za magurudumu. Hajja akaviyeyusha kwenye kikaango, huku akisoma kwa sauti ya chini. Suad akashika beseni juu ya boneti ya gari. Hajja akamimina.

Risasi ilipiga maji ikalia kama kitu kilichokanyagwa. Hajja akaitoa kwa vidole, akaitazama, na uso wake ukabadilika. Nazih naye akaona: kilikuwa kipande kidogo, kimejikunja, magoti kifuani.

"Ewe uliye hapa," Hajja alisema, sasa bila ukali, "kwa jina la aliyekuumba kwa moto akatuumba sisi kwa udongo, unalia nini?"

Beseni likamponyoka Suad. Alikaa chini kama aliyeambiwa akae, miguu ameinyoosha, maji yakimtambaa kwenye gauni. Sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake. Ilikuwa changa kuliko yake, na imekauka.

"Wangu alikuwa na siku arobaini," ilisema. "Nilimlaza penye ubaridi."

Faruq akarudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani.

"Ni wewe uliyelishika gari la mtoto wa watu?" aliuliza Hajja.

"Niliingia garini kulipa kisasi. Nilikaa pembeni yake, kiti cha mbele, kutoka hapa hadi milimani. Aliimba njia nzima, vibaya. Nikasema, ngoja amalize wimbo huu. Nikasema, ngoja amalize na huu. Nikauinua mkono."

"Ukalishika!" Nazih alipaza sauti. Alikuwa amepiga magoti bila kujijua. "Sema ulilishika! Ni wewe! Mimi nilikuulia wako, wewe ukaniulia wangu, sema hivyo basi, nami sitakulaumu, wallahi sitakulaumu!"

Macho ya Suad yakamtazama, na hayakuwa macho ya Suad.

"Sikuwahi kuushusha," ilisema sauti. "Gari lilijinyonga lenyewe. Lifungue bomba la hewa, la chini, penye kona."

Nje lori la takataka lilipita likapokea mapipa, likaenda zake.

"Nilitaka nifurahi," ilisema tena sauti ile. "Nilimtazama mpaka mwisho ili nifurahi. Tangu siku hiyo nikisikia injini yake nalia, na sijui namlilia yupi." Kisha macho yakamrudia Nazih. "Wako alisema neno. Njoo nikuambie."

Nazih alitambaa juu ya maji hadi kwa mkewe, akatega sikio. Midomo ya Suad ilisogea. Faruq na Hajja hawakusikia, waliona tu bega la Nazih likishuka, na paji lake likagusa sakafu.

"Na wangu?" ikauliza sauti. "Maji yalipomfika. Yeye alisema nini?"

"Sikusikia," Nazih alijibu. "Kompresa ilikuwa inanguruma. Nisamehe. Sikusikia kitu."

Hapo ndipo Hajja Badriya, ambaye alikwisha fukuza majini wengi kwa matusi na fimbo, alipomwomba huyu kama anavyoombwa mgeni wa heshima. Akamwambia nyumba hii imekwisha kuwa na mauti ya kutosha, nenda dada yangu, nenda penye maji baridi. Akamuuliza atatoka mwilini kupitia wapi. Kidole kidogo cha mguu, ilisema sauti. Tone moja la damu likatoka kwenye kidole cha Suad, harufu ya maziwa ikakatika, na Suad akalala palepale. Walimbeba hadi kwenye kochi la ofisini, Hajja akakaa naye.

Nazih hakungoja. Alishusha bampa, na Faruq akamshikia taa. Bomba la hewa lilishuka kutoka kwenye tabo, likapiga kona chini nyuma ya bampa, likaingia kwenye rejeta ya kupozea hewa. Alilegeza vibano viwili. Akaingiza vidole hadi penye kona, na vidole vikagusa kitu laini.

Kilikuwa kitambaa, cheusi kwa mafuta, kipana kama viganja viwili.

Hakikuhitaji maelezo. Kulifikia lile bomba la rejeta lililovuja, asubuhi ile, ilibidi aliondoe bomba la hewa kwanza. Na bomba likiwa wazi, Nazih hulizibia kitambaa uchafu usiingie, hivyo ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyomfundisha Wael. Kisha baba nachelewa, baba nachelewa. Ndani ya robo saa ileile alisahau kutaja na akasahau kutoa. Mwendo wa mjini, kitambaa hulala chini kwenye kona, hewa ikapita juu yake. Lakini injini ikivuta kwa nguvu zake zote, hewa hukinyanyua na kukibandika kwenye uso wa rejeta. Ukizima, kinaanguka tena. Yeye alitafuta mahali hewa inapotoka, akarudia kutafuta kwa miezi minane. Hakutafuta mahali inapozibwa.

Faruq alizima taa.

"Nipe hicho," alinong'ona. "Shemeji, nakuomba. Nakitupa pipani, tumemaliza. Mwambie ni jinni. Jinni hana polisi, hana jirani, atambebea mtu yeyote lawama. Dada yangu akijua, atakufa."

"Rudisha bampa," Nazih alisema.

Walifunga kila kitu. Akakaa nyuma ya usukani, akatia gia ya nne, akakanyaga, na injini ikapanda elfu tano, elfu sita, ikapita elfu sita kana kwamba hapajawahi kuwa na kitu pale, elfu saba, safi, bila kilio, nguvu zote ambazo Wael alizihitaji kwa muda wa kuhesabu nne. Mstari kwenye kompyuta haukuporomoka. Faruq aliutazama huku machozi yakimtoka.

Mngurumo ulimwamsha Suad. Alikuja peku, nywele zimetoka nje ya mtandio, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Nazih hakukiona tangu mwaka jana.

"Inavuta!" alisema. "Ni yeye basi! Ameondoka na inavuta!" Akamfungulia mlango wa gari, akazishika mikono yake yote miwili, akaibusu ilivyo, na mafuta yake. "Nisamehe, Nazih. Miezi yote hii nalala ubavuni mwako nikisema moyoni, ni yeye, ni mikono yake. Nimekupikia na mawazo hayo. Nimeswali nayo. Nisamehe, mume wangu."

Nyuma yake Faruq alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana, hapana.

Nazih alishuka garini. Akatoa kitambaa mfukoni, akamwekea kiganjani. "Kilikuwa kwenye bomba la hewa," alisema. "Nilikisahau asubuhi ile. Yule mama hakumgusa."

Suad hakuwa fundi, lakini alikuwa mke wa fundi miaka ishirini na sita, hakuuliza kitambaa kinafanya nini ndani ya bomba. Alikikunjua. Akakikunja. Mkono wake wa pili bado ulikuwa umeshika wa mumewe.

"Alikuwa naye?" aliuliza hatimaye. "Huyo mwanamke. Alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Mwanangu alisema nini?"

"Umm Wael..."

"Alisema nini, Nazih?"

Kila fundi ana mtu wa kukaa ndani na kukanyaga mafuta wakati yeye ameinamia boneti. Wa Nazih alikuwa Wael, tangu mtoto akiwa na miaka kumi na nne, na toka kwenye kile kiti alikuwa akipaza sauti kuwaambia walio nje kinachoendelea.

"Alisema, 'Baba, haivuti.'"

Suad akauachia mkono wake. Hakulia, hakupiga kelele, hakumtukana. Alikwenda ofisini akavaa viatu, akamshukuru Hajja Badriya, akamwambia Faruq amrudishe bibi wa watu nyumbani salama. Kisha akatoka nje hadi kwenye gari lao la nyumbani, akafungua mlango wa nyuma, akakaa kiti cha nyuma.

Nazih alifunga karakana, akaingia mbele. Kwenye kioo aliona utosi wa mkewe tu, ameegemea dirisha. Akawasha.

Ile taa nyekundu ya kukumbusha mkanda ikawaka, na kengele yake ikaanza kulia. Alikuwa amefunga mkanda wake. Akatazama tena. Iliyowaka ilikuwa ya abiria wa mbele, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, ila kilinuka maziwa.

Suad hakuinua kichwa. Kengele ikalia, ikalia. Nazih akanyoosha mkono, akauvuta ule mkanda wa pili, akamfunga. Mkanda haukulala bapa juu ya kiti. Ulipanda kidogo kwa mbele, kama unavyopanda kwa mwanamke aliyepakata mtoto. Taa ikazimika, naye akaondoa gari polepole.